Mashine Isiyofunguka

Nianze na hasira, kwa sababu ndiyo iliyonikalisha kitako niandike. Aliyebuni kompyuta isiyofunguka alinichukulia mimi kuwa nani? Mwizi wa mali yangu mwenyewe? Nililetewa laptopu mpya, nyembamba, inang'aa, nikaigeuza chini juu kutafuta skrubu. Hakuna. Tumbo lake limegandishwa kwa gundi, betri imegandishwa kwa gundi, na kile kinachotunza mafaili kimechomelewa kwenye ubao pamoja na vitu vingine vyote. Hata kopo la maziwa lina mahali pa kulifungulia. Nikaambiwa huo ndio urembo.

Sina ugomvi na vitu vipya. Napikia jiko la gesi na sitarudi kwenye kuni kwa sababu ya kumbukumbu tamu. Lakini mtu akiniuzia kitu, aniachie na mlango wa kuingilia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ruangwa, na nimebakiza miaka michache nistaafu. Laptopu yangu ya kwanza niliinunua mkononi kwa ofisa mmoja aliyekuwa anahamia mkoa mwingine na hakutaka kubeba mizigo mizito. Ilikuwa mzigo kweli. Nyeusi, nene, ya mraba, kona zake hazikuchongwa ili zimpendeze mtu. Kifuniko kilifungwa kwa komeo mbili za chuma, na ulipozibana zililia. Katikati ya kibodi kulikuwa na kidude chekundu, ukikisukuma kwa ncha ya kidole mshale unatembea kwenye kioo, hivyo mausi nilimwachia panya wa darini. Herufi zilizama chini ya kidole na kurudi juu, ukajua umeandika hata ukiwa umefumba macho. Juu ya kioo kulikuwa na kitaa kidogo cha kumulikia kibodi. Nani siku hizi anamfikiria mtu anayeandika gizani?

Lakini nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa ubavuni. Skrubu moja. Ukiifungua, diski inatoka kama droo ya kabati, unaishika mkononi, na ndani yake yamo mambo yako yote. Ukiirudisha, mashine inaendelea na kazi kama vile hukuigusa.

Skrubu hiyo nilionyeshwa na fundi wa Nachingwea. Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya maduka ya nguo, na kina utaratibu wake ambao sijauona mahali pengine. Ukimpelekea mashine haipokei mpaka wewe mwenyewe, kwa mkono wako, utoe diski na kuitia mfukoni. Yeye anayo ya kwake ya kujaribia. Mara ya kwanza nilishangaa.

"Mwalimu, mimi natengeneza mashine," alisema. "Mambo ya mtu ni ya mtu. Nenda nayo nyumbani."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kwenda Nachingwea Jumamosi asubuhi, hata mashine ikiwa nzima. Tulikuwa watatu: fundi, mimi, na tabibu mmoja aliyehamishiwa huko kutoka Kagera, ambaye alikuwa na mashine ya ukoo mmoja na yangu. Tabibu alikuwa na tabia ya kufungua na kufunga kifuniko chake bila sababu, akisikiliza komeo zikilia, uso umemkunjuka. Tulipeana kibodi kuukuu, bawaba, feni. Tulibishana kama mashine za mwaka fulani zilikuwa imara kuliko za mwaka uliofuata. Wapita njia walitutazama wakaona tumerukwa na akili, watu wazima watatu wanapiga soga juu ya vyuma chakavu. Waache watazame. Sisi tulikuwa tunaongea na vitu vilivyokubali kuongea nasi.

Sasa nieleze kilichokuwa kwenye diski yangu, maana ndipo hasira ilipoingia nyumbani kwangu.

Mama yangu anakaa kijijini Likunja. Kwa miaka mingi alikuwa nyakanga, yaani mwanamke anayeongoza unyago, anayewacheza wali, wasichana waliovunja ungo, na kuwafundisha kwa nyimbo. Nyimbo hizo ni za wanawake. Sikio la mwanaume halizisikii, na hata hapa sitaandika neno lake hata moja. Meno ya mama yalipoanza kuondoka na pumzi kupungua, nilimwomba nizirekodi. Nilitegemea kuchukua kazi yake. Mimi ndiye binti mkubwa, nimesoma, na ukoo mzima ulikuwa ukisema hivyo kwenye kila shughuli. Mama alifikiri kwa muda wa mavuno mawili. Mwishoni akakubali, akaweka masharti mawili: mwanaume asisikie, na nyimbo zikae mahali pamoja tu, zisizagae.

Kwa hiyo simu ilikataliwa. Simu ya mwalimu hushikwa na kila mtu, wajukuu, majirani, mwalimu mwenzako anayetaka kuazima tochi. Nilibeba ile mashine nene hadi Likunja, likizo baada ya likizo, tukajifungia jikoni kwa mama, yeye akaimba na mimi nikarekodi. Zilifika nyimbo arobaini na moja. Kila nilipokwenda Nachingwea nilifungua skrubu yangu moja, diski nikaifunga kwenye pindo la khanga, na mashine ikabaki kwa fundi ikiwa tupu. Sharti la mama na utaratibu wa fundi vilipatana bila wao wawili kuonana.

Halafu mwanangu wa kiume, anayefanya kazi Dodoma, akaja likizo akanikuta nakandamiza herufi zangu.

"Mama, hilo tofali utalibeba mpaka lini?" Akacheka. "Unanitia aibu bwana. Nitakuletea chuma kipya, slimu, unaweka kwenye mkoba."

Akaleta. Ni mtoto mwema, na sikutaka kumvunja moyo. Akakaa nami jioni nzima akinionyesha jinsi ya kuitumia, na alipoondoka nikahamisha nyimbo mwenyewe. Ninasema nikahamisha. Sikunakili. Mtu yeyote wa kompyuta atashika kichwa akisoma hapa, na fundi alikishika kweli nilipomwambia. Lakini mama alisema mahali pamoja, na mimi niliahidi. Nilizitoa kwenye diski ya zamani, nikazitia kwenye mashine mpya, kisha nikaipangusa ile diski kabisa kabisa, mara mbili, kwa programu aliyoniwekea fundi kwa kazi hiyo. Nikalala na moyo mweupe.

Kosa la pili ni la kwetu huku, na simlaumu mgeni akishindwa kulielewa. Ukiwa na mikorosho unakuwa na salfa, unga wa njano tunaoupulizia miti ili maua yasiharibike. Salfa ikichelewa unakosa msimu, na ikilala nje inaibwa. Basi kila mwenye shamba anaiweka kwenye chumba chenye kufuli. Nyumbani kwangu chumba chenye kufuli ni kimoja, na ndicho chenye meza yangu ya kazi. Vitu vya thamani vyote humo: vyeti, salfa, kompyuta.

Ile nene ilikaa na salfa misimu yote. Ilipumua unga ule, ikapiga chafya kwa namna yake, feni ikaanza kulalamika. Nami kila msimu nilifungua skrubu za chini, nikang'oa kibodi, nikaifagia ndani kwa brashi ya rangi mpaka njano yote ikatoka. Kazi ya saa moja. Nilijua sauti ya feni yake ikiwa na afya na ikiwa imekabwa.

Mashine mpya nayo ilivuta unga. Feni yake ilipoanza kukwaruza niliigeuza, na hapo ndipo nilipotafuta skrubu nikakosa. Nilisimama na brashi yangu mkononi nikiitukana. Nilijua kabisa cha kufanya! Nilijua ugonjwa, nilijua dawa, dawa nilikuwa nimeishika, na mtu mmoja ambaye hajawahi kuuona mkorosho alikuwa ameamua kwamba mimi si wa kuingia humo ndani. Nikapuliza kwenye vitundu kwa mdomo. Nikaifuta juu juu. Siku kadhaa baadaye, Agosti, nilibonyeza kitufe cha kuwashia na kioo kikabaki cheusi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Nachingwea asubuhi na mapema. Fundi aliitazama, akaigeuza, akanitazama mimi.

"Diski umetoa?"

"Nitoe wapi, fundi? Nionyeshe mahali nitoe."

Aliipasha tumbo moto kwa hewa kulainisha gundi, akaibandua polepole na vipande vya plastiki, huku tabibu akimshikia pembe moja. Hata hivyo kioo kilipata ufa. Ndani, nyaya za shaba zilikuwa zimeliwa na salfa zikageuka nyeusi, na vumbi la njano limejaa kila kona. Alisafisha kwa spiriti, akakausha, akarudia. Ilipofika adhuhuri alikuwa amejaribu yote anayoyajua. Haikuwaka.

"Ingekuwa ile yako nene," alisema, "hata kama imekufa yote, diski unatoa, unaweka kwenye mashine ya tabibu, unaendelea. Hii haina diski ya kutoa. Ubao ukifa, umekufa na kila kitu."

Akaniambia kuna mafundi Dar es Salaam wenye vifaa vya kuuamsha ubao kama ule, hata kwa muda mfupi, wakavuta mafaili. Nikamuuliza watajuaje kama mafaili yametoka mazima. Akajikuna shingo. Fundi alijua ninachouliza, maana nilishamwambia zamani kwamba ndani ya diski yangu mna vitu vya wanawake, naye hakuwahi kuuliza zaidi.

"Ni lazima wafungue wasikilize, Mwalimu. Hawawezi kukurudishia wasichokihakiki. Na wakishakuwa nazo huko, nani atawalinda?"

Nikauliza kama yupo fundi mwanamke. Alipiga simu kwa watu anaowafahamu, Mtwara, Lindi, Dar. Wa kutengeneza simu walikuwepo. Wa kazi ile hawakumjua. Tabibu alikaa kwenye ndoo yake iliyogeuzwa, na kwa mara ya kwanza sikumwona akichezea komeo zake.

Nilimpigia mwanangu. Nilitaka anisaidie kuwaza, naye akataka kunisaidia haraka.

"Mama, tuma tu Dar. Nani ana muda wa kusikiliza nyimbo za bibi wa kijijini?"

Nilikata simu. Nimemzaa mimi, nimemnyonyesha, na nilitamani kupita kwenye simu nikamvute sikio. Kwake nyimbo hazikuwa na hatari kwa sababu hazikuwa na thamani. Na kampuni iliyotengeneza ile sahani inayong'aa ilifikiri vivyo hivyo juu yangu, kwamba sina kitu cha kumficha fundi, kwamba mambo ya mtu yanaweza kusafiri pamoja na ubao wake hadi kwenye meza yoyote, mbele ya jicho lolote, maana ni nani basi huyo? Fundi mmoja wa kibanda cha mabati aliwashinda heshima wote.

Ilibaki kwenda Likunja. Desemba, shule zikifungwa, mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu, alikuwa achezwe, na mimi ndiye niliyekuwa nimepangwa kuongoza kwa mara ya kwanza. Wageni walishaambiwa. Nilikuwa na miezi minne na nyimbo arobaini na moja zilizofungiwa ndani ya kitu kisichofunguka.

Nilimkuta mama anapepeta ufuta uani. Mama hupendelea Kimwera, Kiswahili kwake ni cha sokoni, kwa hiyo maneno haya nimeyageuza mimi. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Hao wa Dar ni wanaume?"

"Ndiyo, mama."

"Watasikia?"

"Kidogo tu. Wahakikishe zimetoka."

"Kidogo ni nini?"

Nilijieleza, nikaeleza tena, nikajisikia ninaongea kama mwanangu. Mama akaweka ungo chini.

"Basi imba wewe," akasema.

"Nini?"

"Umekuwa nazo miaka yote hiyo. Imba nikusikie."

Niliimba wa kwanza, ukaenda vizuri. Wa pili ukaenda. Kwenye wa tatu mama alinirekebisha mahali pawili. Wa nne niliuchanganya na wa tano, nikarudi nyuma, nikajikwaa palepale. Baada ya hapo nilikuwa nakumbuka majina niliyoyapa mafaili, na tarehe, na namna nilivyoyapanga kwa mfuatano mzuri. Nyimbo zenyewe sikuwa nazo. Nilikuwa nimezirekodi, nikazilinda, nikazibeba kwenye khanga, na sikuwahi kukaa nikazisikiliza mpaka zikaingia. Siku zote nilijiambia zipo.

Aibu iliniwaka masikioni. Nikamwomba aniimbie upya, niirudishe kazini ile mashine ya zamani. Akagusa kifua chake. Pumzi haipo, akasema, na isitoshe mwenye nazo yupo, kwa nini zirudishwe kwenye sanduku?

Nilijua anamtaja nani kabla hajamtaja. Kuna mwanamke wa Malolo, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, hajui kuandika hata jina lake. Kwa miaka na miaka alimfuata mama kwenye kila unyago, akimbebea kigoda na ngoma, akila makombo, akiitikia. Nilizoea kumwona. Nilizoea pia kumwagiza maji. Mimi nilikuwa nakuja likizo na mashine yangu, yeye alikuwa hapo likizo ikiisha.

"Ataongoza yeye Desemba," mama akasema. "Wewe utaitikia."

"Ni mjukuu wangu, mama!"

"Ndiyo maana nataka achezwe sawasawa."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningepata pa kushika. Kisha akaniambia kile kitu kivunjwe, kisiwekwe, kisitupwe mahali mtu akakiokota, kivunjwe na mkono wangu, na nimletee habari.

Najua mtasema kosa ni langu. Nusu yake nimeichukua, na nimeibeba hadi kwa mwanamke wa Malolo, nikamsalimu kwa magoti kama desturi inavyotaka, nikamwambia Desemba niko nyuma yake. Nusu ya pili siichukui. Kwa ile nene ningekuwa na diski yangu mkononi, na miezi minne ya kujifungia na kujifunza, na huenda ningesimama mbele ya mjukuu wangu mwenyewe. Miezi hiyo niliporwa na mtu aliyeona skrubu moja ni uchafu unaoharibu sura ya bidhaa yake. Sitamsamehe kwa sababu tu hanijui.

Jumamosi nilirudi Nachingwea. Nilimwambia fundi mama alivyoagiza, na kwamba sijui nipige wapi, maana kitu chenyewe nilipewa kimefungwa na sijawahi kuonyeshwa ndani yake kuna nini. Fundi alitoa betri kwanza, akaiweka mbali. Akauweka ubao juu ya kipande cha chuma, akanionyesha mahali kwa ncha ya bisibisi. Kilikuwa kijiwe cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Zote zimo humu?"

"Zote, Mwalimu."

Akaweka nyundo karibu na mkono wangu. Hakuna sauti ambayo ingetoka mle, sote tulijua, kitu kilikuwa kimekufa tangu Agosti. Lakini fundi alimtazama tabibu, tabibu akainuka kwenye ndoo yake, wakatoka nje wote wawili bila mimi kusema neno, na fundi akavuta mlango wa bati nyuma yake.

Nikapiga mara tatu.